Uliza Kwanza, Hesabu Baadaye: Mbinu za Mradi na Utafiti kwa Watu wa Kanyenye

Kikundi kinapokaa barazani Kanyenye, hapa Tabora, kuzungumzia mkopo wa halmashauri, swali linalotangulia karibu kila mara ni hili: "Tuombe shilingi ngapi?" Namba ikishapatikana, andiko la mradi linaandikwa kuifuata. Wateja wanabuniwa kwenye karatasi, faida inakisiwa, na mwishoni inachomekwa sentensi inayodai kwamba "utafiti umeonesha soko lipo". Utafiti gani, uliofanywa na nani, lini, hakuna anayejua. Mwaka unaofuata marejesho yanasumbua na wanakikundi hawasalimiani.

Mkopo wenyewe ni wa maana sana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hautozwi riba. Ni fedha ya ushuru na leseni za watu wa mji huuhuu. Ndiyo maana naandika kwa ajili ya kikundi hicho, na vilevile kwa mwanafunzi wa chuo anayekuja Kanyenye kukusanya data za ripoti yake, maana wote wawili wanahitaji kitu kilekile. Vyuoni, usimamizi wa mradi na mbinu za utafiti hufundishwa kama masomo mawili. Uwanjani ni kazi moja: unauliza, unapanga, unatenda, unapima, kisha unauliza tena. Anayeruka hatua ya kuuliza huilipia baadaye, na mara nyingi hulipa kwa fedha ya wengine.

Tabora hatuna haja ya kuagiza mifano kutoka mbali. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Unguja akitumwa na gazeti la New York Herald, na hakujua fedha za msafara azigeuze kuwa bidhaa gani. Huku bara posho ilinunuliwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Akaenda kwa wafanyabiashara waliokuwa wakituma misafara Unyanyembe, huku kwetu Tabora, akawauliza. Sheikh Hashid akampa kipimo: watu mia wanahitaji doti kumi za nguo kwa siku. Kwenye shanga mambo yalikuwa magumu zaidi. Nyekundu, samesame, zilipokewa Unyamwezi. Nyeusi zilikuwa fedha kamili Ugogo, lakini kwingine hazikununua hata kuku. Zile kubwa za sungomaji zilitakiwa Ujiji, na nyeupe zilidharauliwa Ukonongo. Mtu angeweza kufika na magunia kadhaa ya rangi isiyotakiwa, akalala njaa juu ya mali yake.

Simsifu Stanley kwa kila jambo. Aliwachapa viboko wapagazi, na maarifa aliyoyatumia yalikuwa ya wenyeji, yaliyokusanywa kwa miaka mingi na Wanyamwezi na watu wa pwani waliokuwa wakipanda na kushuka njia ile. Lakini hapo alifanya sawasawa: aliuliza kabla ya kununua, na aliwauliza waliowahi kwenda.

Tuchukue sasa mfano wa leo. Tuseme kikundi cha wanawake wa Kanyenye kinataka kununua asali kwa warinaji wa vijijini, kuichuja, kuifungasha na kuiuza mjini. Wazo ni zuri, kwani misitu ya miombo inatuzunguka na asali ya Tabora ina jina nchi nzima. Ila "tufanye biashara ya asali" bado si swali. Swali ni kama hili: familia za mjini zinazonunua asali sasa hivi zinanunua kwa nani, kwa kipimo gani, kwa bei gani, na nini kingezifanya zihamie kwetu? Kuna kipimo kimoja cha kujua kama swali lako ni la kweli. Jiulize kama lipo jibu ambalo ukilipata utaliacha wazo lako au utalibadilisha. Kama halipo, hujauliza kitu. Unatafuta watu wa kukuunga mkono.

Likishapatikana swali kuu, andika dodoso, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukimwendea mama mlangoni kwake ukamwuliza, "Je, utanunua asali yetu safi ikianza kuuzwa?", atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa sababu umemwamkia vizuri na hawezi kumvunja moyo mtoto wa mwenzake. Majibu mia ya namna hiyo ni adabu mia, na benki haipokei adabu. Muulize mambo aliyokwisha kuyafanya: mara ya mwisho alinunua asali lini? Alinunua kwa nani? Ilikuwa kwenye chombo gani, chupa ya maji iliyotumika, lita, au ndoo? Alilipa kiasi gani? Ilimalizika baada ya muda gani? Je, aliwahi kununua ikamwangusha, na aliitambuaje kuwa si nzuri? Swali hilo la mwisho linalipa kuliko yote. Watakueleza juu ya asali iliyochanganywa na sukari, asali iliyochacha, asali yenye harufu ya moshi, na kila lalamiko ni jambo ambalo bidhaa yako italazimika kulitatua.

Dodoso lijaribu kwanza kwa watu watano au sita ambao hutawahesabu. Utagundua swali ambalo kila mtu anaomba lirudiwe, na swali ambalo mtu akilisikia anatazama pembeni. Mara nyingi linalotazamisha watu pembeni ni la kipato. Badala ya kuuliza mtu anapata kiasi gani kwa mwezi, uliza anatumia kiasi gani kwa sukari kwa wiki. Hilo hasiti kulijibu.

Kisha chagua nani wa kuulizwa. Ukiwahoji rafiki zako na majirani wa nyumba tatu, umejihoji mwenyewe. Nenda ofisi ya mtaa, jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti, omba kuona idadi ya kaya. Kama mtaa una kaya 300 na una uwezo wa kufikia 30, gawanya: 300 kwa 30 ni 10. Andika namba 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, chomoa kimoja. Kikitoka 4, utakwenda kaya ya 4, ya 14, ya 24, hadi mwisho. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni. Usihamie kwa jirani kwa sababu tu yupo. Anayekuwapo nyumbani saa nne asubuhi si sawa na aliye sokoni au stendi saa hiyo, na pengine huyo asiyekuwapo ndiye mwenye fedha ya kununua asali. Kaya 30 hazitoshi kusemea Manispaa nzima ya Tabora, na ripoti yako iseme hivyo waziwazi, lakini zinatosha kukuzuia usinunue vifungashio vya ukubwa ambao hakuna anayeutaka.

Kwa mwanafunzi, vibali vitangulie. Kwa kawaida barua ya chuo huanzia ngazi ya mkoa, ikashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa manispaa, ikafika kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa viongozi wa mtaa. Weka muda wa barua hiyo kwenye mpangokazi wako kama kazi kamili, kwa sababu barua husubiri saini na mwenye saini huwa safarini. Ukifika kwa mhojiwa, mwambie wewe ni nani, majibu yanakwenda wapi, na kwamba ana haki ya kukataa. Usimwahidi msaada ambao huna. Watu wa Kanyenye wamehojiwa sana na wamerudishiwa kidogo mno, na ahadi ya uongo ya mtafiti mmoja humfungia mlango anayekuja nyuma yake.

Data zikishaingia, kishawishi kikubwa ni kukimbilia hitimisho. Mwaka 1858 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walikuwa Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana na wenye misafara, wakiwa wageni wa mfanyabiashara Snay bin Amir. Waliambiwa hapo kwamba upande wa kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Burton akabaki akikusanya na kuandika habari za nchi. Speke akaondoka Julai, na tarehe 3 Agosti akayatazama maji yale kutoka upande wa Mwanza. Akarudi Kazeh akitangaza kwamba amekiona chanzo cha mto Nile. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona pembe ya kusini tu, na hakuna mto aliouona ukitoka ziwani. Burton akamkatalia. Baadaye dunia ilikubali kwamba Speke alikuwa sahihi, lakini mwaka ule alikuwa na dhana mkononi na akaiita ushahidi. Ugomvi wao uliendelea mpaka Speke alipofariki mwaka 1864, na hoja yenyewe haikuisha hadi Stanley alipolizunguka ziwa lile mwaka 1875.

Kwa hiyo kwenye daftari lako la uchambuzi piga mistari upate safu tatu. Ya kwanza iwe ya niliyoyaona, ya pili niliyoambiwa, ya tatu ninayodhani. "Maduka matano kati ya manane niliyoingia yanauza asali" ni la safu ya kwanza. "Muuzaji anasema asali hutoka zaidi wakati wa baridi" ni la safu ya pili. "Bei yetu ikiwa chini kidogo tutawavuta wateja" ni la safu ya tatu, na litabaki huko mpaka uwe umelijaribu. Ukifika kuandika ripoti, usiruhusu jambo la safu ya tatu livae nguo za safu ya kwanza.

Daftari lenyewe lilinde. Mwezi Julai 1871, akiwa Nyangwe katika Kongo ya leo, David Livingstone, yule mpelelezi ambaye Stanley alikuwa akimtafuta, alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Akaandika kwenye kurasa za gazeti la zamani, akakatiza juu ya maandishi yaliyopigwa chapa, kwa wino wa mmea alioutengeneza mwenyewe. Humo ndimo alimoandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai, aliyoyashuhudia. Baadaye aliyanakili katika daftari kubwa ambalo wanahistoria wanaliita Jarida la Unyanyembe, lile ambalo Stanley alilibeba likiwa limefungwa kwa lakiri alipoagana naye Machi 1872, baada ya kukaa pamoja Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapa mjini. Mwaka 2011 wataalamu waliotumia picha za mwanga maalumu walifanikiwa kuzisoma zile kurasa za gazeti zilizokuwa zimefifia. Wakakuta kwamba maelezo ya awali na yale aliyoyanakili hayalingani katika baadhi ya mambo, hasa kuhusu mwenendo wa watu wake mwenyewe. Kama kurasa zile zingetupwa baada ya kunakiliwa, tusingejua.

Nawasihi wanafunzi na makatibu wa vikundi: msitupe rasimu. Kila dodoso lipewe namba, tarehe, jina la mtaa na jina la aliyehoji. Jina la aliyehojiwa liandikwe mahali pengine, pamefungwa. Piga picha kila karatasi kwa simu jioni ileile. Mahojiano marefu yaandike usiku huohuo, maana ukilala mara mbili unaanza kuandika unachokumbuka kuwa ulipaswa kusikia.

Hapo sasa unaweza kugusa mpango. Vunja kazi kubwa iwe vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuvimaliza na wewe ukaviona vimekwisha. "Kuandaa vifungashio" ni ukungu. "Kuchagua ukubwa wa chupa", "kupata bei kwa wauzaji watatu", "kulipia", "kupokea na kuhesabu" ni vipande. Kila kipande kiwe na mwenyewe mmoja kwa jina. Kazi iliyopewa "kamati" haina mwenyewe. Kisha panga mfuatano: lebo haiwezi kuchapwa kabla ukubwa wa chupa haujajulikana, chupa haichaguliwi kabla dodoso halijasema watu wananunua kipimo gani, na nembo ya ubora ya TBS ina taratibu zake, ambazo ofisi ya SIDO ya mkoa huwasaidia wajasiriamali wadogo kuzianza. Mlolongo huo wa kazi zinazosubiriana ndio unaotawala tarehe yako ya kufungua. Siku moja ikipotea humo, ufunguzi unasogea siku moja. Kazi zilizo nje ya mlolongo huo zinaweza kuchelewa kidogo bila madhara.

Kukadiria muda kuna njia rahisi iliyoanza kutumika mwaka 1958 katika mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, nayo inafanya kazi vizuri hata kwa chupa za asali. Kwa kila kazi andika muda wa bahati njema, muda wa kawaida na muda wa mkosi. Zidisha wa kawaida kwa nne, ongeza ile mingine miwili, gawa kwa sita. Chupa kutoka Dar es Salaam zikienda vizuri zinafika siku 7, kwa kawaida 10, mambo yakiharibika 25. Hesabu: 7 jumlisha 40 jumlisha 25 ni 72, gawa kwa 6 unapata 12. Andika 12, usiandike 10. Zile siku mbili ndizo zinazookoa heshima yako kwa mwenye duka uliyemwahidi mzigo.

Bajeti itatoka kwenye vipande hivyohivyo, kila kipande na gharama yake, na fungu la dharura juu yake. Ndipo unapolijibu lile swali la barazani.

Juu ya utunzaji wa mali sina utani. Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja zimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Mtu mmoja alizisafirisha, akazitunza na kuzitoa, hivyo hapakuwa na jicho la pili. Kwenye kikundi chenu, anayeshika fedha asiwe anayeshika stoo. Kila ndoo ya asali inayoingia ipimwe, iandikwe kilo zake, tarehe, imetoka kwa mrinaji gani, na wawili watie saini. Ipimwe pia unyevu kwa kipima unyevu, kwa sababu viwango vya kimataifa vinataka maji kwenye asali yasizidi asilimia 20, na asali changa yenye maji mengi huchacha ndani ya chupa yako yenye jina lako. Ndoo moja mbovu ikimiminwa kwenye pipa zima, mmepoteza pipa.

Kisha anzeni kidogo, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu Urambo ni jirani yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 timu ya John Wakefield ilitembelea nchi za huku kwa takriban wiki tisa, na ripoti yake ikazaa Mpango wa Karanga: zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shamba la majaribio halikutangulia. Mwaka wa kwanza walilenga kulima ekari 150,000 Kongwa. Hawakufikisha hata 10,000. Udongo wa Kongwa ulikuwa wa mfinyanzi, kiangazi ukawa mgumu kama saruji na kuvunja majembe ya matrekta, mvua nazo hazikuja kama karatasi zilivyotaka. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Urambo ikaja kujulikana kwa tumbaku. Waliopanga walikuwa wasomi, na fedha walikuwa nazo. Walichokosa ni msimu mmoja au miwili ya shamba dogo la kuwaambia ukweli kwa gharama ndogo.

Kwa kikundi cha asali, jaribio ni ndoo moja au mbili. Ichuje, ifungashe kwa vipimo viwili, iweke kwenye maduka matatu ya maeneo tofauti kwa mwezi mmoja. Kabla ya kuanza andikeni ni kiasi gani kikiuzwa mtaendelea, na ni kiasi gani kikiuzwa mtasimama. Iandikeni namba hiyo kabla, kwa sababu baada ya mauzo kila mmoja atakuwa na sababu nzuri ya kuendelea. Kila Jumamosi mkusanyike kwa nusu saa tu, mkiwa na daftari moja lenye mambo manne: tulipanga nini, kimefanyika nini, nini kimekwama, nani anakwamua na kwa siku gani. Zikipita Jumamosi mbili kazi ileile bado imekwama kwa mtu yuleyule, mpeni mwenzake. Hakuna kugombana.

Nina ombi moja kwa kila atakayefanya haya, awe kikundi au mwanafunzi. Ukimaliza, acha nakala ya ripoti yako ofisi ya kata, kurasa nne au tano za Kiswahili cha kawaida: uliuliza nini, uliwauliza wangapi, walisema nini, ulijaribu nini, kiliuzwa kiasi gani na kipi hakikuuzika. Usifiche kilichoshindikana, kwa maana ndicho atakachokihitaji zaidi anayekuja. Kikundi kingine kitakuja mwakani na wazo la asali, au la maembe, au la kuku, na kikianza na ripoti yako mkononi kitaomba kiasi kinachostahili, na marejesho yake yatapatikana.